Sauti Kwanza

Saa sita kamili mchana tovuti ya kituo kimoja kidogo cha televisheni ingefungwa kabisa, na ndani yake kulikuwa na sauti ya baba yangu. Dakika kumi na moja za mahojiano. Kwingine haikuwepo. Baba alikuwa mnadi wa mitumba, mtu wa kuuza koti lililochanika kwa maneno matupu, mpaka mwaka jana alipofanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, lakini alirudi nyumbani bila sauti.

Mdogo wangu, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufufua pasi, alikuwa akiniambia wiki nzima, "Dada, tulia. Video nimeihifadhi." Nikatulia, mimi ambaye nikitulia watu huniuliza kama naumwa.

Saa nne asubuhi akaja kwa wazazi na kompyuta yake, amwekee baba asikilize. Pale nyumbani hakuna intaneti, ndiyo maana tulitaka faili linalocheza lenyewe bila kuomba ruhusa ya mtandao. Akabofya. Kivinjari kikafunguka na kuandika kwamba hakuna mtandao.

"Umehifadhi nini wewe?"

"Si hii hapa? Nilibofya ile nyota."

"Nyota! Umehifadhi anwani. Umeandika namba ya nyumba ukadhani umeshahamia!"

Baba alitutazama kutoka kwenye kiti chake. Nikamkokota Injinia hadi uani, nikawasha simu yangu impe mtandao, naye akaanza kutafuta programu ya kupakulia. Kuipata tu kulitumia saa nzima. Video za siku hizi haziji mzigo mmoja. Zimekatwa vipande vya sekunde chache chache, picha ina foleni yake na sauti ina yake. Programu inavikusanya vyote, kisha inavishona. Simu yangu nayo ilikuwa inavuta kwa kujikongoja.

Saa tano na nusu tulikuwa asilimia thelathini. Nikazunguka uani, nikaanua nguo ambazo hazijakauka, nikazianika tena.

"Dada, kaa basi. Unanitia kiwewe."

"Nikikaa itakimbia?"

"Haraka haraka haina—"

"Usinimalizie methali hapa!"

Nikainama kwenye kioo. Mstari wa picha ulikuwa unasogea. Mstari wa sauti ulisoma sifuri.

"Hii mbona haijaanza?"

"Inasubiri picha iishe."

Sura ya baba tunayo, iko sebuleni, na ndevu haijanyoa tangu Jumapili.

"Simamisha picha. Shusha sauti kwanza."

"Tutapoteza yote tuliyoshusha!"

"Yapotee!"

Akasitasita, nikabofya mwenyewe. Sauti ni nyepesi. Saa sita kasoro dakika tano ilikuwa imeingia yote. Akairudia picha kwa hasira, na saa sita ilipogonga tovuti ikatoweka, nayo picha ikabaki nusu, haifunguki. Injinia akanuna. Akasema nimemharibia kazi.

Akaipeleka kompyuta sebuleni. Mimi nikakimbilia jikoni kuosha vyombo, kwa sababu niliogopa. Je, kama faili ni tupu? Je, kama baba ataumia kujisikia? Injinia akalifungua bila mtandao wowote. Kioo kilikuwa cheusi tu, alinisimulia baadaye.

"Koti hili lina mifuko mitano! Wa tano ni wa siri, hata mkeo hataujua!"

Ilikuwa sauti ya baba, na mikwaruzo yake yote. Nikasugua sufuria moja mara tatu. Mtangazaji akacheka, akamuuliza kama hahitaji kipaza sauti sokoni.

"Cha nini? Mimi nikimwita binti yangu nyumbani, mtaa wa pili wanaitika. Sikiliza. Kihereheree! We Kiherehere!"

"Abee, baba!"

Nilishafika sebuleni kabla sijajua nimeondoka jikoni, mikono ikidondosha mapovu sakafuni. Baba alikuwa amegeuka kwenye kiti, ananitazama. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita jina hilo. Tangu upasuaji sikuwa nimeitwa, na sikujua kwamba muda wote huo nilikuwa nimetega sikio. Nikalia palepale mbele yao.

Baba akainua kidole, akamwonyesha Injinia arudishe nyuma. Nami nikarudi jikoni, nikasimama kando ya karo, nikangoja kuitwa.