Mitambo Kifuani mwa Bi Nyuzi

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Bi Nyuzi alikuwa jikoni anamenya vitunguu wakati mjukuu wake alipoegemeza simu kwenye chupa ya chai na kukunjua karatasi yenye maswali kumi na muhuri wa shule. Mtaala mpya ulitaka kila mwanafunzi wa kidato cha pili amhoji mzee mmoja wa kwao, amrekodi, kisha aandike neno kwa neno yale aliyosema. Kazi hiyo ilikuwa na alama arobaini kati ya mia za somo la historia, kwa hiyo mwezi ule wazee wa mtaa walikuwa wanapewa viti vizuri.

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua nyingi."

"Inatakiwa namba. Kuna kisanduku hapa."

"Andika namba unayoipenda. Ila usinizeeshe."

Msichana akaandika. Wakaenda hivyo mpaka swali la sita, lililouliza mhojiwa alikutanaje na mwenzi wake.

"Babu yako alikuwa amesimama njiani, mimi napita. Angekuwa ameketi, wewe usingekuwepo."

"Swali la saba. Eleza tukio moja la kihistoria ulilolishuhudia kwa macho yako. Hili lina alama kumi na tano, bibi, tafadhali usilifanyie mzaha."

Bi Nyuzi akaweka kisu chini. Alikuwa na tukio moja tu, na alilijua neno la kwanza mpaka la mwisho. Akafungua mdomo alisimulie.

Sauti yake haikutoka. Ilitoka mitambo ya kufuma nguo, arobaini na minane kwa pamoja, chaka-chaka, chaka-chaka, kama zamu ya asubuhi imeanza mle kifuani. Vikombe vikaanza kutembea kwenye rafu. Kifuniko cha sufuria kikacheza.

"Mama!" binti yake akapiga kelele kutoka chumbani. "Zima mitambo, niko kwenye simu!"

Bi Nyuzi akafumba mdomo. Ikanyamaza.

Ilikuwa hivyo kwa miaka arobaini na mmoja. Angeweza kuzungumza chochote, awe anasengenya, anaomba chumvi au anagombana na wakata umeme, ila alipotaka kusema habari za siku ile, kifua kiliwasha mitambo. Daktari aliwahi kumpima akasema moyo ni mzima, tena unafanya kazi kwa bidii. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo wenyewe utavunja vikombe viwili kwa mwaka.

Siku ile yenyewe kila mtu mjini aliijua, maana ilikuwa ndani ya kitabu cha kiada, ukurasa wa sitini na nne. Kitabu kilisema kwamba moto wa kiwanda cha nguo, uliowaua wafanyakazi watano, ulitokana na uzembe wa mfanyakazi mmoja aliyewasha jiko la chai karibu na marobota ya pamba. Kitabu hakikumtaja. Mji ulimtaja. Alikuwa Kumi na Mbili. Kiwandani watu waliitwa kwa namba za mitambo yao, na Bi Nyuzi, miaka ile, alikuwa Kumi na Moja. Walisimama bega kwa bega miaka tisa, wakajuana mpaka nani amekula nini. Kumi na Mbili aliungulia mle, akaacha binti wa miaka minne, na huyo binti akakua akiitwa mtoto wa mwasha moto.

Sasa alikuwa na duka la dawa, mitaa mitatu kutoka kwa Bi Nyuzi. Na Bi Nyuzi, kwa miaka yote hiyo, alinunua dawa zake upande wa pili wa mji, kwa miguu, na magoti yale.

Jumatatu mwalimu wa historia alisikiliza ile rekodi, akaandika kwa kalamu nyekundu: Sauti si safi. Usirekodi karibu na mashine. Rudia.

"Mwalimu, hapakuwa na mashine," msichana akasema. "Ni bibi."

"Basi rekodi mbali na bibi."

Msichana akarudi nyumbani amenuna. Akasema bila swali la saba atafeli, na kwamba labda amhoji jirani wa ukuta wa pili, aliyeshuhudia kufunguliwa kwa daraja.

"Yule? Siku ya daraja alikuwa chooni anaharisha," Bi Nyuzi akasema. "Mtu asikupe historia ya chooni. Keti hapa nikuulize. Kiwandani mitambo ilinguruma kutwa nzima, mtu hajisikii hata akipiga chafya. Unadhani tulisengenyana vipi?"

Msichana akaketi.

"Kwa midomo, mwanangu. Bila sauti."

Akamfundisha. Ilichukua majuma mawili, baada ya shule, msichana ameziba masikio kwa pamba. Mfumaji alifungua mdomo wazi na kulitamka neno polepole kama anayemlisha mtoto, na mwenzake akilipata alitikisa kichwa juu na chini kumaanisha: nimelipata, endelea. Kichwa hakikumaanisha zaidi ya hapo. Aliyekubaliana na alichoambiwa aliinua mkono wa kushoto. Msichana alikuwa mwepesi. Siku ya tisa alimtazama mke wa jirani kupitia dirisha, akaja kuripoti kwamba bibi anaitwa redio mbovu.

"Hilo nalijua tangu wewe hujazaliwa," Bi Nyuzi akasema. "Endelea kujifunza, utapata ya maana."

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, waliteremsha vikombe vyote wakavilaza sakafuni juu ya blanketi. Binti yake Bi Nyuzi akachukua simu yake akatoka kwenda uani. Jirani wa ukuta wa pili aliarifiwa, kwa heshima, akaongeza sauti ya televisheni. Msichana akafungua daftari. Bi Nyuzi akapiga moyo konde, akafungua mdomo.

Mitambo ikaanza. Safari hii hakuizima. Akaiacha ingurume, naye akasema katikati yake kwa midomo, kama alivyosema miaka tisa, na msichana akaandika.

Hapakuwa na jiko la chai, midomo ilisema. Moto ulianzia kwenye mota ya mtambo wa nne, ndani ya vumbi la pamba lililokaa mwezi mzima bila kufagiliwa, kwa sababu nyapara aliwatoa wafagiaji wakapakie malori. Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo na kufuli. Aliufunga nyapara, kwa kuwa wanawake walikuwa wakitoka kwenda kunyonyesha, na siku hiyo alikwenda kula na ufunguo mfukoni. Kulikuwa na dirisha moja, upana wa sinia. Kumi na Mbili alimshika Kumi na Moja magotini akamwinua, akamsukuma kichwa mbele mpaka akatokea nje. Kumi na Moja akageuka, akanyoosha mkono amvute mwenzake.

"Alisemaje?" msichana akauliza, naye kwa midomo.

"Akasema: nenda, mimi nina makalio. Akacheka."

Msichana akaliandika hilo, kwa kuwa maelekezo yalisema neno kwa neno.

Siku ya pili yake alikuja bwana mwenye tai, mtu wa tume ya kuchunguza moto. Alimwita Kumi na Moja kwenye banda la pili, ambako kazi haikusimama hata siku moja, akamsomea karatasi katikati ya mngurumo. Kumi na Moja akasoma midomo ya bwana yule: jiko, chai, Kumi na Mbili. Kwa kila sentensi akatikisa kichwa, kama mfumaji yeyote angefanya. Nimelipata, endelea. Mkono wa kushoto ulikuwa chini muda wote. Aliushika hata na ule wa kulia ili pasiwe na makosa. Bwana yule akaandika: shahidi amekubali kila neno.

"Lakini bibi, huku nje kichwa ni ndiyo. Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Lakini tulikuwa ndani. Ndani kichwa ni cha ndani."

Kisha midomo ikapunguza mwendo. Alikuja kusomewa yale yaliyoandikwa baada ya juma moja, midomo ilisema, mahali penye utulivu, na akaelewa. Angeweza kupanda ngazi zile za ofisini aseme hapana. Zilikuwa ngazi kumi na nne. Lakini walikuwa wamempa mtambo mpya katika banda la pili, karibu na dirisha kubwa linalofunguka, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliutazama mtambo, akalitazama dirisha.

"Nikanyamaza," midomo ilisema.

Hapo mitambo ikaanza kuzimika, mmoja mmoja, kama inavyozimwa zamu inapokwisha. Wa arobaini na nane, wa arobaini na saba, ikishuka hivyo. Ikafika mahali pakabaki miwili tu inayokwenda kwa mapigo mamoja, wa kumi na mbili na wa kumi na moja. Ikazimika pamoja.

Bi Nyuzi akashusha pumzi ndefu, ya kutua gunia. Akasikiliza. Bomba lilikuwa linadondosha maji. Magoti yake, alipoyakunja, yalilia kama mlango. Kutoka upande wa pili wa ukuta, mtu alikuwa anaelezwa jinsi ya kukata karoti.

"Kumbe huyu bwana hutazama mapishi," akasema kwa sauti yake ya kawaida, na palepale kitini akapitiwa na usingizi mpaka saa kumi na moja, mdomo wazi, bila hata mtambo mmoja.

Mngurumo ulikuwa umehamia kwenye daftari. Msichana alilibeba Jumatatu ndani ya begi, akaona mbwa wa njiani wakimpisha. Mwalimu alisoma akiwa ameishikilia meza, akampa thelathini na nane kati ya arobaini. Alama mbili zilikatwa kwa sababu mwandiko ulitetemeka. Kisha akalifungia daftari kabatini, katika ofisi ya walimu, na tangu siku hiyo kabati likawa linafanya kazi ya zamu, saa moja asubuhi mpaka saa tisa, mapumziko nusu saa mchana. Walimu wakahamisha birika lao la umeme, likaisha hilo. Ukuta wa ofisi ulipakana na kidato cha pili, kwa hiyo darasa zima likajifunza kusema kwa midomo, na mwalimu wa hesabu akasifu utulivu wao.

Akaja pia mkuza mitaala, mmoja wa waliotunga ule mtaala mpya, kutoka makao makuu. Alifunguliwa kabati, akasoma daftari lote akiwa amesimama, na miwani ikamteremka mara tatu. Akasema hii ndiyo kazi hasa waliyoitaka walipobuni mradi: sauti ya mwananchi wa kawaida. Mwalimu akamuuliza, kwa kupaza sauti, kama basi ukurasa wa sitini na nne utabadilishwa.

"Ubadilishwe kwa nini?" mkuza mitaala akapaza naye. "Simulizi ni za kumjengea mtoto ustadi. Ukweli tayari uko kitabuni."

Akaligonga daftari muhuri, akalirudisha kabatini, akanywa chai. Kabla ya kuondoka alionyeshwa maktaba ya shule, yenye jina la yule nyapara kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango, maana alikuwa amestaafu vizuri na kuchangia vitabu. Mlango wenyewe, haki isemwe, haukuwa na mnyororo.

Bi Nyuzi aliambiwa hayo yote na mjukuu. Akasema, "Haya." Kesho yake akavaa viatu, akatembea mitaa mitatu.

Binti wa Kumi na Mbili alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, anapanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka dawa ya magoti."

"Miaka yote hii magoti yako yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa yanakwenda kwa mwenzako wa upande ule. Ndiyo maana yameharibika."

Binti hakucheka. Akaendelea kupanga chupa. Bi Nyuzi akasimulia, amesimama, kwa sauti yake mwenyewe iliyokuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Mota, vumbi, mnyororo, dirisha. Bwana wa tume. Ngazi kumi na nne. Hakuna chupa iliyotikisika. Mteja mmoja aliingia, akaona nyuso zile, akasema atarudi.

"Mama alisema nini mwisho?" binti akauliza.

"Alisema ana makalio."

Binti akageukia rafu. Mabega yakamtikisika kwa muda, na Bi Nyuzi, aliyekuwa anamwona kwa nyuma, hakuweza kujua ni kilio au ni kicheko. Akasubiri. Alikuwa na deni la kusubiri.

"Ninayo na mimi," binti akasema bila kugeuka.

"Nayaona, mwanangu. Ni yale yale."

"Umechelewa, mama."

"Nimechelewa."

"Pita huku ndani basi, kuna kiti."

Bi Nyuzi akapita, akaketi, akapakwa dawa ya magoti bila kuharakishwa. Akasema ameona nafuu kabla hata kifuniko cha chupa hakijarudi, na ilikuwa kweli.

Mwaka ule kitabu kilichapishwa upya, kikiwa na jalada la rangi ya kijani. Ukurasa wa sitini na nne ulibaki ulivyokuwa, na katika mtihani wa mwisho swali la nne liliuliza: Taja chanzo cha moto wa kiwanda cha nguo. Alama mbili.

Siku ya mtihani msichana alirudi mchana akawakuta bibi yake na binti wa Kumi na Mbili wamekaa kibarazani, wanasengenya mtu aliyekuwa anapita, bila sauti.

"Uliandika nini pale?" bibi akauliza.

"Uzembe."

Binti wa Kumi na Mbili akamkazia macho. "Wa nani?"

"Hawakuuliza wa nani, mama," msichana akasema, akavua viatu.

Alipata alama zote mbili.