Mwenye "Chai Haijapoa"

Kisa kilianza Jumamosi mchana katika kituo kimoja cha redio mjini Migori, mtangazaji Bochaberi aliposema hewani kwamba wimbo "Chai Haijapoa" ulirekodiwa kwanza na bendi ya Dar es Salaam.

Simu zikamiminika. Mmoja alisema ni wa kwaya ya Kisii. Mwingine aliapa ni wa Wakongo. Wa tatu alidai umetungwa na babake, ila alipoombwa ubeti wa pili simu ikakatika.

"Jumamosi ijayo nawaletea mwenyewe hapa," Bochaberi akasema. "Nikishindwa, nitauimba mimi."

Wasikilizaji waliowahi kumsikia akiimba wakamwombea heri.

Nani asiyeujua wimbo huo? Mwanamume anamngoja mpenzi wake na chai mezani, na mwishoni anamwita: "Njoo ukae, mrembo." Baada ya neno hilo kila mwimbaji hucheka kidogo. Hata kwaya hucheka, tena kwa sauti nne.

Wangwe, fundi mitambo wa kituo, alikwenda kwao Kehancha akarudi na santuri ya mjomba wake, karatasi ya katikati imeliwa na panya. Wakaiweka. Gitaa likalia, kisha ikaja sauti ya mwanamke.

"Mwanamke!" Bochaberi alipiga kelele hadi watu wa ofisi ya pili wakachungulia.

Karibu na mwisho kukasikika kishindo, kama kiti kimepinduka, ndipo yule mwanamke akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyeshindwa kujizuia.

Jioni hiyo waliipiga hewani na kuuliza nani anaijua sauti hiyo. Simu ya kwanza ilitoka Magunga.

"Naitwa Liz. Huyo ni mamangu! Hicho kicheko hunicheka nacho kila nikisonga ugali. Lakini ati aliimba? Hajawahi kutuambia! Yuko Homa Bay, mkamuulize wenyewe."

Kesho yake walimkuta Mama Phelesia uani kwake, anakaanga samaki aina ya ngege. Wangwe alipomchezea wimbo kwenye simu, mama alifunika uso kwa leso.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo mmeitoa wapi?"

"Kehancha, mama. Ni wewe?"

"Ni mimi. Na mwenye gitaa ni Mkuria. Kikuria sikukijua, yeye Dholuo hakuijua, Kiswahili ndicho kilichobaki. Na hata hicho haongei! Nikaona nimtungie wimbo. Tukafanya mazoezi weee, hata hashtuki. Siku ya kurekodi nikasema leo namtaja jina. Nikaimba, 'Njoo ukae, Mirumbe.'"

Bochaberi akashika kichwa. "Si 'mrembo'?"

"Mrembo gani? Mirumbe! Akaanguka na stuli yake, na mimi nikacheka. Mwenye studio akakataa kurudia, akasema imetoka vizuri."

"Sikuanguka," ilisema sauti mlangoni. Mzee mrefu alikuwa amesimama hapo na kikombe. "Nilishuka haraka."

Wangwe alicheka mpaka akakaa chini. Bochaberi alikuwa analia na kucheka, hajui aanze na lipi.

"Na ulimjibu nini, mzee?"

"Nilikuwa chini ya gitaa," Mirumbe akasema. "Ningekataaje?"

Jumamosi wote wawili walikuja Migori. Mirumbe alipiga gitaa la kuazima, macho yake kwenye nyuzi, na Phelesia akaimba. Sauti ilikuwa ikikwaruza kidogo, lakini alipofika kwenye lile jina, mzee aliinua uso akatabasamu kama kijana, na mama akashindwa kuendelea kwa kicheko.

Mwalimu wa ile kwaya ya Kisii akapiga simu, ana wasiwasi. "Mama, tubadilishe maneno? Kwaya nzima tumwite Mirumbe?"

"Hapana!" Phelesia akaruka. "Nyinyi bakini na mrembo wenu."

Bochaberi alitaka kutangaza matangazo ya biashara, akabaki akicheka tu. Wangwe akaona heri aiweke ile santuri tangu mwanzo, na ndani ya studio ile ndogo wazee wawili wakaanza kucheza, wakigongana na waya.