Ukuta wa Barazani

Mvua ilipoanza kugonga mabati alfajiri ile, Kache hakuhitaji kuamshwa. Hakuwa amelala. Tangu masika yaingie usingizi ulikuwa umemhama, na kila tone lililoanguka juu ya chumba walichopanga yeye na mumewe, aliliona linaanguka juu ya ukuta wake, hatua chache tu kutoka pale.

Ukuta mmoja. Ndio uliobaki, na roho yake yote ilikuwa pale.

Asiye wa Kisauni ataniuliza, ukuta mmoja wa udongo una nini cha kumkosesha mtu mzima usingizi? Ngoja nikueleze. Mtaa ule, mtu akinunua nyumba hanunui ardhi. Ardhi ina mwenyewe, anakaa huko mbali. Wewe unachonunua ni kuta na paa, basi. Maadamu nyumba imesimama, kiwanja unakikalia na hakuna wa kukubughudhi. Lakini ukuta wa mwisho ukigusa chini, huna chako tena, ardhi imerudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana mafundi wa pale hukarabati nyumba kama mwanamke anavyobadili nguo kisimani, leso mpya inafungwa kwanza ndipo ya zamani inaachiliwa. Wanajenga chumba kimoja cha mawe, wanakiezeka, kisha ndio wanabomoa kingine cha udongo.

Kache aliyajua hayo vizuri sana, wala asije akajitetea kwangu. Miaka yote aliyofua mashuka ya hoteli kule Shanzu, ndoto yake ilikuwa nyumba za kupangisha. Alianza na kijumba cha Mtopanga, akakitengeneza, akakipaka rangi, akakiuza vizuri. Alichopata, pamoja na kiinua mgongo chake, akakitia chote katika nyumba kubwa ya udongo iliyokuwa ya kina Sabah pale Kisauni, yenye baraza mbele na ua nyuma. Vyumba sita angetoa humo. Fundi wake, Tinga, alimwambia, "Mama Purity, twende chumba kwa chumba." Nani amsikilize Tinga? Wapangaji walishaahidiwa, mawe ya timbo la Mwakirunge yalishamwagwa uani, na mwanamke ana haraka kama aliyeacha chungu motoni.

"Bomoa," alisema. "Bomoa zote, tubakishe ule wa mbele. Mtu akipita njiani ataona nyumba."

Jefwa, mumewe, aliguna. Lakini Jefwa naye ni mtu wa kuguna tu.

Wakabomoa. Ukabaki ukuta wa mbele na baraza lake, mlango wake, na kipande cha bati juu. Kache akatundika pazia mlangoni ili watu wadhani ndani mna watu. Ukisimama njiani unaona nyumba. Ukifunua pazia unaona mbingu na mitaro ya msingi. Jiwe la kwanza halijawekwa, Tinga akapigiwa simu kwamba baba yake mkubwa amefariki huko Kaloleni, na kwa kuwa vibarua wake wote ni ndugu zake, wakaondoka wote kwenda matangani. Nyuma yao ikaja mvua.

Asubuhi hiyo Kache na Jefwa walipofika pale mbio, ukuta ulikuwa umekunywa maji ukatosheka. Ulikuwa umefanya tumbo upande wa njiani, na ufa ulishuka kutoka kwenye bati hadi usawa wa baraza.

"Mungu wangu," Kache alisema.

Jefwa hakuguna safari hii. Alichukua kamba nene, akaifunga kwenye boriti iliyokuwa ndani ya ukuta ule, akaivuta kwa nyuma. Kigingi alichokipigilia kikang'oka kwenye tope. Akapigilia kingine, nacho kikang'oka. Mwishowe alijifunga kamba kiunoni yeye mwenyewe, akaketi nyuma ya rundo la mawe, miguu ameikaza kwenye jiwe, mvua inampiga usoni.

"Nitaushika mpaka mvua ipungue," alisema. "Wewe kaa mbele uangalie."

Kache akazunguka mbele. Mtaani alikuwa anakuja mzee mmoja wa kanzu, ameshika mwavuli, anachagua pa kukanyaga. Alikuwa Mwinyihaji, msimamizi wa yule mwenye ardhi. Kila masika mzee huyu hupita kuangalia nyumba zipi zimeanguka, maana masika ndiyo yanayoziangusha, na akishaona humpigia simu mwenyewe.

"Hodi wenyewe!"

"Shikamoo, mzee," Kache alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Marahaba, mwanangu. Mvua hii, lo! Hamjambo nyote?"

"Hatujambo, mzee."

"Na bwana?"

"Yuko ndani," Kache alijibu. Hakusema uongo sana, ila ndani penyewe hapakuwapo.

Msimamizi haingii ndani ya nyumba ya watu. Hiyo ni adabu ya pale, na Kache aliitegemea. Mzee angesimama njiani, angeuona ukuta, mlango na pazia, angesema mashallah akaenda zake. Lakini mvua ikazidi. Upepo ukaugeuza mwavuli ndani nje. Mzee akacheka, akapiga hatua mbili, akaketi barazani chini ya kile kipande cha bati, na mgongo wake akauegemeza kwenye ukuta.

Yakhe, ungemwona Kache!

"Nitangoja ipungue," mzee alisema. "Kama kuna chai, mwanangu, sitakataa. Baridi imeniingia."

Chai ilikuwapo, chupa nzima aliyokuja nayo asubuhi kwa ajili ya Jefwa. Kache akamimina kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mzee akapuliza, akanywa taratibu kama wanavyokunywa wazee, huku akisifu tangawizi. Akaanza kueleza habari za nyumba mbili zilizolala alfajiri ile upande wa juu, na jinsi wenyewe walivyolia.

"Kazi hii haina raha," alisema. "Lakini nikiona imeanguka nitasema nini? Nitasema imeanguka."

Kache alikuwa haangalii uso wake. Alikuwa anaangalia ufa, pale juu ya kofia yake. Ulikuwa umepanuka, kidole kingeingia. Chembe za udongo zikaanguka juu ya bega la kanzu, na mzee akazipangusa bila kugeuka.

Mwambie aondoke, Kache alijiambia. Mwambie tu. Lakini amwambieje? Akimwambia ukuta ni mbovu, mzee atasimama autazame. Akiutazama ataona ufa, akiona ufa atauliza bwana yuko wapi asiutengeneze, na pazia ni kitambaa tu. Itakuwa kwaheri vyumba sita, kwaheri miaka ya mashuka ya watu. Mvua si inapungua? Mbona kama inapungua? Ukuta ungekaa hivyo kidogo tu, mzee angemaliza chai yake, angeondoka, na jioni ile angesema kwa ulimi wake kwamba nyumba ya Mama Purity imesimama. Kidogo tu, ewe Mola.

Mzee akamaliza kikombe. Akakitazama ndani, akatabasamu.

"Sijui kama imebaki?"

Kache aliona kwa macho yake kipande cha udongo, kikubwa kama mkate, kikichomoka kando ya kichwa cha mzee na kubaki kikining'inia kwenye ufito. Alikiona. Kisha akainua chupa, akamimina kikombe cha pili.

Mzee alikuwa amekunywa nusu yake pale sauti ilipotoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu aliyekabwa. "Kache. Kamba yanivuta. Siwezi."

"Nani huyo?" mzee aliuliza, akageuza kichwa.

"Ondoka hapo!" Kache akapiga ukelele. Alimrukia, akamshika kanzu kifuani kwa mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, wakaanguka wote wawili kwenye tope la njia.

Ukuta haukupiga kelele nyingi. Uliinama, ukalala juu ya baraza, na bati likafuata.

Mvua iliendelea kunyesha. Nyuma ya pale palipokuwa na mlango alionekana Jefwa, amelala kifudifudi juu ya rundo la mawe, kamba kiunoni, anakohoa. Alikuwa mzima. Nyuma yake hapakuwa na kitu chochote, ni mitaro tu iliyojaa maji. Majirani wakaanza kutoka milangoni.

Mwinyihaji aliinuka polepole. Alimtazama Jefwa, akaitazama kamba, akaitazama mitaro. Kisha akalitazama baraza. Pale alipokuwa ameegemea, udongo ulikuwa umerundikana ukapita kimo cha mtu aliyeketi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nilipoketi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na kile kikombe cha pili?"

Kache alitaka kusema alikuwa karibu kumwambia. Maneno yalikuwapo, yalimfika kooni. Alimtazama mzee, ndevu zake zikichuruzika maji, akayameza.

"Nilijua, baba. Nilikuwa nangoja mvua ipungue uende zako."

Mzee akatoa simu ndani ya kanzu. Akapiga. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini Kache alisikia kila neno. "Naam, ya Mama Purity. Imeanguka yote... La, mimi ni mzima, alhamdulillahi... Naam... Naam. Nitamwambia."

Akairudisha simu.

"Ardhi imerudi," alisema. "Mawe na bati ni mali yako. Masika yakiisha uyaondoe."

Jefwa alianza kulia pale pale juu ya mawe, bila haya, majirani wanamwona. Kache hakulia. Kitu kilichokuwa kimemkaba tumboni tangu mvua ya kwanza kilikuwa kimefunguka, na pale pake hapakuwa na kitu. Aliona tope jingi kwenye bega la mzee, akavua kitambaa chake cha kichwa, akasogea amfute.

Mzee akaruka nyuma. Aliruka kama kijana, mkono ameuinua mbele ya uso wake, na kwa kitambo macho yake hayakuwa ya msimamizi wala ya mzee wa heshima.

"Usinisogelee," alisema.

Kache akabaki na kitambaa mkononi. Alikuwa anaogopwa.