Bawa la Bibi Harusi

Nakifungua kitabu cha Mwalimu Siwema, cha Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria, nimchagulie picha ya muhuri wa chekechea yake, na kabla sijaifunua karatasi nyembamba iliyofunika picha usingizi unanibeba, karatasi inaniachia njia kama pazia, na mimi huyo, nimo ndani. Njia hazina mwisho, zote mistari myeusi, zinapinda zinanirudisha nilikotoka, na vichimbakazi, vijitu vyenye mabawa, warefu kama kidole tu, wanacheza ngoma juu ya uyoga, loo, raha iliyoje! Mmoja ananipokea, uso wake mweupe, hauna jicho wala mdomo. Wewe nani? Mimi ni yule ambaye mchongaji wake alikwenda kula. Hajarudi? Bado anatafuna. Ananieleza kwamba picha yao ilichongwa kwenye vibao mbalimbali, kila fundi na chake, kisha vikaungwa, na pale kwenye kiungo pamebaki ufa mweupe. Ukingoni analia bibi harusi mwenye bawa moja. La pili liliangukia kibao cha jirani, fundi wake akasahau kulichonga. Bwana harusi yuko ng'ambo ya ufa, na ukurasa ukifungwa kabla bibi hajavuka, basi tena.

Fundi Makame mimi, nishindwe na bawa? Miaka thelathini nachonga mihuri! Natoa kisu, namchongea haraka haraka, kinyume, kama mkono ulivyozoea, maana muhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke sawa. Mama yangu! Huku tuko kwenye karatasi tayari, bawa limekaa nyuma mbele. Vichimbakazi wote hoi kwa kicheko, nami naona aibu mpaka masikio yanawaka. Njoo nikurekebishie, mwanangu. Wee, usiniguse! anasema bibi harusi, anaruka, anazunguka kama pia, anaupita ufa kinyumenyume huku anacheka, na ukurasa unaanza kutuinamia. Kafika? namuuliza asiye na uso. Muulize anayemwona.

Fundi! Mwalimu Siwema ananitikisa bega, jua la saa nane limejaa kibandani. Kafika? Kafika nani, baba? Naifunua karatasi, namwonyesha picha. Anainama, anatabasamu. Hawa maharusi waliokumbatiana? Mbona wako hivi tangu bibi yangu ananisomea. Nacheka mpaka machozi yananitoka, naye anacheka bila kujua tunacheka nini, na sijui kama nimeamka au nimefungiwa ukurasani pamoja nao, na wallahi sijali.