Kiti Kilichopungua Msumari

Wewe ulimwona. Usinitolee macho. Ulimwona Pamba amelala mbele ya duka, mate yanamtoka, ukavuka barabara ukijifanya unasoma simu. Aliporudi kutoka nyumba ya matibabu ya walevi ukavuka tena, safari hii ukisema wenzake kazini watamwangalia. Mimi ni mmoja wa hao wenzake, na kumbukumbu yangu ni ndefu kuliko foleni ya hospitali. Kaa nikueleze tulivyomwangalia.

Karakana yetu inatengeneza makochi na viti. Pamba ndiye fundi wa kuvalisha: anashindilia sponji, anavuta kitambaa, anapiga misumari. Na tulikuwa na desturi, ya kijinga kama desturi nyingi: kazi kubwa ikiisha, aliyepiga msumari wa mwisho ndiye anayekunywa wa kwanza. Asipokunywa yeye, wengine hawagusi. Tuliiita kulowesha kazi.

Oda ya viti vya ukumbi ilipofika mwisho, msumari ukamwangukia Pamba. Hakuna aliyemtega. Ubaya wenyewe ndio huo, hakuna hata aliyefikiri. Mzee Randa, mwenye karakana, alimimina kwa upendo kabisa, akasema ni tone tu la heshima, na mtu aliyepona haogopi tone. Tukacheka. Mmoja akamtania kwamba siku hizi amekuwa bibi harusi, anasubiri kubembelezwa.

Pamba aliitazama glasi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukasimama shubiri moja kabla ya kufika.

"Naitaka," akasema, taratibu. "Msinisifu kwamba nimepona. Naitaka sasa hivi kuliko ninavyotaka pumzi. Nisaidieni."

Mama Cherehani, mshonaji wetu, aliinyakua glasi akaimwaga kwenye maranda ya mbao, maana kwetu kila kinachomwagika humwagiwa maranda au humwagwa humo. Kosa la mazoea. Maranda yalikuwa yamepigwa na jua la dirishani kutwa nzima. Harufu ikapanda, ikajaa chumba, ikamzunguka kama inamjua jina. Pamba akafumba macho. Nikajua tumempoteza.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Alichukua koleo, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaung'oa msumari wake. Kitambaa kikalegea pembeni.

"Kazi haijaisha, Mzee," akasema. "Hakuna cha kulowesha."

Jitu zima, mabega kama mlango, limepiga magoti, koleo mkononi, na limeshinda. Sisi tulizoea kuita nguvu kule kunyanyua kabati peke yako. Kumbe nguvu tulikuwa hatujawahi kuiona kwa macho.

Mama Cherehani akachukua koleo, akaendea kiti cha pili, akang'oa. Nikafuata mimi. Mzee Randa alisimama na chupa mkononi akitutazama tukiiharibu oda iliyokuwa ichukuliwe kesho yake. Akatoka nje, tukasikia chupa ikigugumia mtaroni. Aliporudi aliomba apishwe, akang'oa wa kwake. Kisha akamwuliza Pamba, kwa adabu ya mwanafunzi:

"Mwanangu, tukufanyie nini ukizidiwa?"

Pamba akatuambia. Tufungue mlango apate hewa. Mmoja atembee naye hadi kwa dada yake. Siku ya kumaliza oda asiachwe peke yake. Na tumwulize hali, tusingoje aanguke ndipo tuseme tulijua. Mambo mepesi hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Jioni ile tulimsindikiza karakana nzima. Dada yake alipofungua mlango akashika kifua, akidhani tumeleta msiba.

Mpaka sasa kila kiti kinatoka kwetu kimepungua msumari mmoja, na hakuna mteja aliyeanguka. Pamba naye bado yuko nasi, siku nyingine anaitamani pombe, na siku hizo anasema.

Sasa wewe. Unaye wa kwako, usiniambie huna. Usimsifu kwamba amepona, usimwachie Mungu peke yake. Weka chini unachosoma. Mpigie sasa hivi, kabla mkono wake haujanyooka, umwulize umfanyie nini akizidiwa. Halafu nyamaza umsikilize. Halafu vaa viatu, uende.