Kiwiko cha Mpishi

Hebu niambie, umewahi kupewa zawadi ukaishukuru kwa mdomo, huku mwili mzima umechoka kwa kuitazama tu? Basi ndivyo alivyokuwa Mama Mwiko, tangu siku mume wake alipotangaza kwamba atamjengea jiko jipya.

Jina hilo alipewa na watoto wa shule ya bweni, maana yeye ndiye mpishi wao. Mwiko wake wa kukorogea uji ni mrefu kama mpini wa jembe, na sufuria zake mtu mzima anaweza kuogea ndani. Asubuhi uji, mchana maharage, na katikati hapo mchele wa kuchambua, moto wa kuchochea, na watoto wanaorudi kuomba ukoko. Jioni anajikokota kurudi nyumbani, khanga inanuka moshi mpaka kwenye pindo. Na akifika nyumbani anafanya nini? Anapika.

Mume wake alikuwa karani wa stoo, sasa amestaafu. Mtu mrefu, mpole, hana makuu, hajawahi kumpandishia mkewe sauti. Ila jikoni huwa anaingia kutafuta kiberiti na kutoka. Tangu astaafu anashinda nyumbani na redio yake, na mkewe akirudi anamkuta ameshanawa mikono, ametulia mezani kama mgeni wa heshima.

"Pole na kazi, mama watoto," anasema, na pole yake inatoka moyoni. Kisha anangoja chakula.

Kiinua mgongo chake kilipotoka, alimwita mkewe akamketisha kitandani. "Miaka yote nimekusikia unakohoa kwenye kile kibanda cha mabati," akamwambia. "Hizi hela ni zako. Nakujengea jiko la watu, na meza ya zege, na vigae mpaka juu."

Mama Mwiko akasema asante. Neno lake alikuwa nalo, limekaa hapa kifuani siku nyingi. Hakutaka jiko zuri, alitaka kupumzika na jiko. Lakini utamwambiaje hivyo mtu aliyeshika akiba yake yote kwa mikono miwili, na machozi yanamlengalenga? Akalimeza. Akajiambia, nitasema kesho.

Kesho yake wakaja kubomoa kibanda.

Nyie mnaosikia habari za kujenga, mkadhani ni za matofali tu, hamjapikia barazani. Mtungi wa gesi ulisimama juu ya kreti la soda. Sufuria zilihamia chini ya kitanda, chumvi ikalala kwenye droo moja na soksi. Saruji iliingia kwenye sukari, chai ikawa unaitafuna. Sinki jipya, ambalo mzee alilinunua kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu lilipunguzwa bei, lilikaa sebuleni ndani ya boksi lake, wakawa wanaweka vikombe juu yake. Mama Mwiko alikuwa akirudi anaketi juu ya lile boksi dakika mbili tatu kabla hajainama kuwasha gesi. Kwake yeye, huo ndio ulikuwa uzuri wa sinki.

Na maswali je? Mzee alichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa rula, kila mstari umenyooka kama alivyozoea kazini. Wakishakula, anaitandaza.

"Sinki liangalie dirisha au ukuta?"

"Popote."

"Kabati za juu, milango ya kuvuta au ya kusukuma?"

"Yoyote tu, baba."

"Mama watoto, mimi nakuuliza jiko lako, wewe unanijibu kama unaulizwa la jirani."

Binti yao mkubwa, anayeishi mbali, alikuwa akituma picha kwenye simu, kisha anapiga. "Mama, umeona ile oveni? Nitakuchangia. Utatuokea keki tukija likizo."

"Nimeiona, mwanangu. Inang'aa."

Alichokiona Mama Mwiko katika hizo picha ni kingine. Oveni aliiona ni keki za kuoka. Kabati ndefu aliziona ni vumbi la kufuta. Vigae vyeupe, hivyo ndivyo vilivyomtisha zaidi, maana alijua mkono wa nani utavisugua. Kila walichoongeza kwenye ile ramani kilimrefushia siku yake ya kazi.

Jumamosi mzee akampeleka dukani kuchagua vigae. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, akavipanga chini kimoja kimoja, huku anavipiga kwa ukucha vilie. "Sikia hiki, mama. Hiki utazeeka wewe, chenyewe kipo tu."

"Sasa nikishazeeka kitanisaidia nini?" akasema Mama Mwiko, amekaa zake juu ya katoni za vigae, miguu ameinyoosha. Muuzaji akacheka. Mzee hakucheka, alikuwa anapiga hesabu kwa vidole. Mchanga ulishapanda bei, fundi alishachukua malipo ya awali, na gari la kubebea kokoto lilidai lake. Mwisho akalipa, akakunja risiti akaitia mfukoni, akasema miwani yake mipya itangoja. Ile ya zamani ameifunga na uzi sikioni.

Sasa hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Kila mzee alipotoa hela, mdomo wa mkewe ulizidi kuwa mzito. Angesema nini, na miwani imefungwa uzi? Kuta zikapanda, bati likapigwa, neno bado liko kifuani.

Ikabaki meza ya zege, ndiyo ya kushikilia sinki na gesi na kila kitu. Fundi alikuwa mnene, mcheshi, penseli sikioni. Siku ya kufunga mbao za kumwagia zege hakugusa msumari, alikaa anangoja. Mama Mwiko aliporudi kazini aliwakuta wote wawili, fundi na mumewe, wamesimama ndani ya jiko tupu linalonuka chokaa.

"Afadhali umekuja, mama," fundi akasema. "Meza ya jikoni mimi sipimi kwa futi, napima kwa kiwiko cha mpishi. Akikunja mkono, nashuka chini yake upana wa kiganja, napiga alama. Mgongo haumuumi maisha."

"Ungeanza tu," akasema Mama Mwiko. "Meza ni meza."

"Wee, usinikumbushe. Kuna nyumba nilimpima mwenye nyumba, bibi mrefu kama nguzo. Kumbe anayepika ni dada wa kazi, kafupi hivi. Akikata vitunguu, vinamgusa kidevu. Nikirudi pale kutafuta kazi ananifukuza na mwiko. Tangu siku hiyo nauliza mbele ya mashahidi. Nani anapika nyumba hii?"

"Swali gani hilo, fundi?" mzee akasema. "Mpishi si huyu hapa? Mpaka shuleni ndilo jina lake."

"Basi mama simama hapa, kunja mkono. Kesho asubuhi namwaga zege, na zege likishashika hakuna kurudi nyuma. Labda nyundo."

Mama Mwiko akavua viatu. Sakafu ilikuwa ya baridi, ikampoza nyayo. Akasimama pale alipoonyeshwa, akakunja mkono, fundi akausimamisha ubao mwembamba pembeni yake na kuchomoa penseli. Mama Mwiko akakitazama kiwiko chake. Kina kovu la mvuke wa maharage, jeusi, la zamani. Akaitazama ile penseli inavyokuja. Akaona kwamba ikishapigwa hiyo alama, ndiyo basi. Atakuwa amepimiwa hapo kama mtu anavyopimiwa viatu, na hakuna mwingine ambaye vitamtosha.

Mkono ukashuka wenyewe.

"Mama, usitikisike," fundi akasema.

"Mpime yeye."

"Nani?"

"Huyo mzee."

Mumewe akacheka kidogo. "Mimi nipimwe ya nini, suti?"

Mama Mwiko akatoka mpaka sebuleni, akalivuta boksi la sinki kwa mikono yote miwili, likikwaruza sakafu, akalileta mpaka mlangoni pa jiko na kulikalia.

Fundi akawatazama, huyu kisha huyu. Alishaingia nyumba za watu wengi. "Mama, nikimpima mzee, wewe meza itakufika kifuani. Hutaweza hata kukuna nazi hapo."

"Ndiyo. Hapo hapo."

Fundi akahamisha ubao taratibu, akausimamisha pembeni ya mzee. Na mzee, bila kujua anafanya nini, akakunja mkono. Akabaki amesimama hivyo, kiwiko juu, miwani imelegea upande wa uzi. Cheko lilikuwa limemtoka usoni.

"Mama watoto," akasema polepole, "kumbe hili jiko hukulitaka."

"Jiko ni zuri. Limejengwa vizuri, na nakushukuru."

"Sasa wewe ulitaka nini?"

Miezi yote ile alikuwa ameulizwa rangi gani, upande gani, milango ya namna gani. Hili hakuwahi kuulizwa. Alizinyoosha nyayo zake mbele, akaziangalia, zimejaa vumbi la chokaa.

"Nilitaka siku moja nirudi kazini, nivue viatu, nikae," akasema Mama Mwiko, "na wewe uniulize, 'Nikupakulie?'"