Hodi Saa ya Maji

Siku aliyokuja nesi kutukagua, sikutulia. Nilifuta meza, nikaifuta tena, nikazima feni, nikaiwasha, nikaizima. Mama akasema nitaimaliza meza kwa kuifuta, halafu atakatia wapi vitambaa? Mama ni fundi cherehani.

Wiki nenda wiki rudi nilimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, anarudi hoi, hata sindano hashiki. Sasa wameanza kuwaruhusu wagonjwa wa figo wajihudumie nyumbani: unawekewa mpira mwembamba tumboni, unaingiza maji ya dawa kutoka kwenye mfuko, baadaye unayatoa na uchafu wake, basi. Ila nesi aridhike kwanza. Na mama alishaapa kwamba kwenye mashine harudi, liwalo na liwe. Roho ingeachaje kuwa juu juu?

Sharti kubwa ni hili: mpira ukiwa wazi, mlango ufungwe, midomo izibwe kwa barakoa, mtu asiongee, vijidudu visije vikaingia tumboni. Hapo ndipo mama alipokuwa akivurunda kwenye mafunzo. Mtu akipita tu, anashusha barakoa amsalimie. Kwake, kumsalimia mtu umeziba mdomo ni utovu wa adabu. Nilimgombeza mpaka nikaona haya, mama yangu mzazi.

Nesi akachelewa. Saa ya maji ikafika, tukaanza bila yeye. Mama akanawa, tukavaa barakoa, akaketi kitandani, akafungua mpira.

Hodi ikapigwa.

Mama, ambaye hajawahi kuacha hodi ya mtu ikae mlangoni, hakuinua hata jicho. Ikapigwa ya pili. Ya tatu ilipokuja nikakurupuka, barakoa kidevuni, nikafungua mlango wazi, karibu nesi, karibu ndani, tumekusubiri sana. Upepo ukaingia kabla yake, pazia likapepea hadi kitandani.

Jamani, mimi! Nyuma yangu mama alishaufunga mpira na kuutupa ule mfuko wa dawa uliopigwa na upepo. Alipomaliza ndipo aliposhusha barakoa, akamgeukia nesi.

"Karibu, mwanangu. Nilikusikia tangu hodi ya kwanza. Imeniuma kukunyamazia."

Nesi akambadilishia kifuniko cha mpira, akakagua chumba, kisha akanigeukia.

"Mama atajitibu hapa hapa nyumbani. Wewe, saa ya maji, utakaa nje."

Nikatoka, nikakaa kizingitini nikalia, aibu kidogo, furaha tele. Jirani akaja, akafungua kinywa apige hodi. Nikamvuta mkono, akakaa.